Kishikio

Ezati, mwana wa dada yangu, amejenga Entebbe
ndani ya kompyuta ya mitumba, chumbani kwake Kitooro.
Ameweka ziwa. Ameweka mnara. Ameweka hata kaloli mmoja
juu ya pipa la taka, kasimama kama karani wa mahakama.
Ndege inatua, inasogea, inasimama.
Anabonyeza kitufe kimoja:
tenki limejaa.

"Vipi, mjomba? Si ndivyo?"

Sivyo.

Miaka kumi na tisa nimeuvuta mpira huo.
Ndege hainywi kama mgeni aliyekabidhiwa bilauri.
Anza na lori. Lisogeze taratibu hadi ubavuni mwa bawa,
uso wake ukielekea njia ya kutokea,
maana likitokea la kutokea hakuna wa kukupisha urudi kinyumenyume.
Tia vigingi magurudumuni.
Kisha waya. Ubane kwenye chuma cha ndege,
lori na ndege wawe ndugu,
umeme uliojikusanya ushuke kimyakimya
usijitafutie njia kwa cheche.
Mchezo wako hauna waya, Ezati.
Ndege yako imeshaungua mara mia na huna habari.

Na kabla ya hayo yote kuna chupa.
Nakibuule huijaza alfajiri, huizungusha,
huiinua kwenye mwanga wa ziwa na kuikagua
kama mama anayechungulia sikio la mtoto.
Mafuta ni meupe, ndugu yake yale ya kibatari cha bibi yako;
tone la maji hukaa chini yake kama ushanga.
Huko juu kwenye baridi, ushanga huo huwa barafu,
na barafu haijui kuomba radhi.

Akaandika. Nami nikanogewa.

Mafuta haya hayachimbwi chini ya lami.
Yamepanda kutoka pwani kwa lori,
yakalala Malaba siku mbili kwa sababu ya muhuri mmoja.
Weka foleni ya Malaba.
"Mjomba, hiyo haitaonekana."
Najua.

Mita yangu husoma lita, rubani huomba kilo.
Kati ya lita na kilo kuna jua:
adhuhuri mafuta hutanuka, yakajidai ni mengi.
Basi jua lako lipe kazi, lisiwe pambo.
Weka radi. Ikinguruma upande wa Ssese
tunafungua mpira, tunasogea kando,
abiria wanatulaani nyuma ya vioo.
Weka na sami, wadudu wale wapandao ziwani kama moshi,
wanaokuingia kinywani ukitaka kusema "tosha".

Halafu kishikio.
Kitu kidogo, kinaenea kiganjani.
Ukikibana, mafuta yanapita. Ukikiachia, yanakoma.
Ukizimia, ukikimbia, ukifa, yanakoma.
Na ukikibana tu bila kulegeza, bado hakikuamini;
kila baada ya muda hutaka ulegeze, ubane tena,
ukiambie: nipo.
Usiku baba yako alipotutoka kule Arua
simu ilitetemeka mfukoni. Nilijua.
Zilibaki lita elfu nne.
Nikabana. Nikalegeza. Nikabana.
Nipo. Nipo.

Hilo Ezati hakuliandika.

Wiki tatu baadaye akaniita.
Sasa kujaza kunachukua dakika thelathini na nne.
"Nani atacheza mchezo wa kungoja?" anauliza mama mwenye nyumba,
akaenda zake kuanua nguo.
Kidole cha Ezati ki juu ya kitufe:
bana, legeza, bana.
Chai yake imefunga utando.
Ndege ya kweli inapita juu ya bati, bilauri zinalia kabatini;
yeye hainui macho.

Nikavuta kiti.
Waya upo, mstari mwembamba wa manjano, umebanwa sawasawa.
Kofia ya tundu ameisahau, haipo popote.
Nitamwambia, ila si sasa.
Zimebaki lita elfu nne.